Jumamosi nne za kuchambua hadithi kwa elfu 40: nilichokipata na kilichonikera

Nimemaliza hili darasa wiki iliyopita na naandika sasa hivi kabla joto halijaniisha. Jina lake silitaji kwa sababu nina malalamiko pia na mwalimu ni mtu wa watu, sitaki kumharibia riziki, ila waliopitia watalijua tu nikianza kusimulia mambo ya mtungi. Nyota nampa 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoibania nitaieleza huko chini.

Kwanza mjue nani anaongea. Mi sio mwalimu na shule niliiacha zamani, nauza vipuri vya pikipiki hapa Tanga mjini, hadithi nasoma tangu utotoni na vyangu naandika kwenye daftari dukani wateja wakipungua. Aliyenishawishi ni mdogo wangu, yupo kidato cha sita anasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), akaniambia kaka kuna darasa Zoom la kuchambua hadithi, Jumamosi nne, saa mbili usiku mpaka saa nne, elfu 40, tulipie wote tusikilize kwa simu moja. Nikalipa. Kusikiliza kwa simu moja haikuwezekana maana kila dakika tulikuwa tunabishana, wiki ya pili nikaingia na yangu.

Sasa kabla ya darasa, uchambuzi mi nilikuwa naujua ule wa shule, na nyie mnaujua. Fani na maudhui, yani hadithi ilivyoandikwa na kinachosemwa ndani yake. Kwenye fani unaanza na muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, mpaka jina la kitabu, na ukifika kwenye matumizi ya lugha unaorodhesha tashibiha tatu (kufananisha kwa "kama"), tashihisi mbili (kitu kupewa sifa za mtu), methali moja, unaweka mfano na ukurasa, unasonga. Maksi unapata. Ila muulize mtu hiyo tashihisi imekufanya nini moyoni ulipoisoma, anakutolea macho kama umemdai hela.

Jumamosi ya kwanza nilitaka kudai hela yangu kabisa. Dakika arobaini nzima mwalimu anapitia aina za taswira, yani zile picha ambazo maneno yanakujengea kichwani, taswira ya kuona, ya kusikia, ya mguso, ya harufu, ya ladha, na kitini chenyewe alichotuma WhatsApp kimepigwa picha kwa pembeni, nusu ya ukurasa kivuli cha mkono wake. Mdogo wangu akaniambia kaka haya yote nimeyasoma kidato cha tatu. Nikamwambia subiri. Afu mwalimu akauliza swali moja ndo nikakaa vizuri kwenye kiti. Kauliza: kwa Kiswahili, harufu unaifanyaje? Watu kimya. Mmoja akaandika kwenye chati, "unaisikia". Mwalimu akacheka akasema enhe, na baridi? Unaisikia. Kiu? Unaisikia. Maumivu? Unasikia maumivu. Yani sisi ukitoa kuona karibu vyote vilivyobaki tunavisikia, afu tunaenda kwenye mtihani tunavipanga kwenye visanduku vitano kana kwamba lugha yetu ndo ilivyovigawa. Hakusema visanduku vibaya, kasema visanduku ni vya kubebea tu, usije ukala kisanduku ukaacha chakula. Hapo nikajua huyu mtu anajua anachofanya ila hajui kupanga muda.

Darasa lenyewe lilianza Jumamosi ya pili, alipotuletea kifungu alichokiandika mwenyewe ili mtu asikimbilie vitini kutafuta majibu. Nakiweka chote hapa, ruhusa alitupa:

"Mwanaidi aliusukuma mlango kwa bega. Mlango ulilia. Ndani kulikuwa na giza la saa nane mchana, giza la nyumba ambayo madirisha yake hayakufunguliwa tangu arobaini ya mwaka jana. Kilichompokea kwanza ni harufu: ubani uliokwisha kupoa na, chini yake, shombo. Kanzu ya baba ilikuwa bado msumarini, nyeupe pe. Akaigusa. Ilikuwa na unyevu. Ng'ambo ya mto kivuko kilipiga honi mara moja, kikanyamaza. Pembeni mtungi ulikuwa ukidondosha maji sakafuni, to, to, to, kama mtu anayehesabu. Akachukua kopo, akachota, akanywa. Maji yalikuwa na chumvi na kutu. Akayameza."

Akasema andikeni kwa neno moja, hali ya kifungu hiki, yani hisia kinayokuachia, ni ipi. Tulikuwa kama ishirini hivi, na karibu wote tuliandika huzuni. Mi pia. Baba kafa, kanzu ipo msumarini, ubani, arobaini, kuna nini tena hapo, ni huzuni. Mdogo wangu aliandika "huzuni na majonzi", sijui tofauti yake nini.

Mwalimu hakusema tumekosa. Kauliza tu, nani kaujaza mtungi?

Jamani. Nywele zilinisimama, nimekaa dukani nimefunga shata nusu, sifanyi utani. Maana fikiria, mtungi wa udongo unatoa jasho, ndo maana maji yake yanakuwa baridi, maji yanapenya kwenye udongo taratibu na yakikauka kwa nje yanaondoka na joto. Lakini ili utoe jasho mpaka udondoshe lazima uwe na maji ndani, na nyumba imefungwa tangu mwaka jana, mtungi wa mwaka mzima bila mtu ungekuwa mkavu kau mpaka buibui wamejenga ndani. Kwa hiyo kuna mtu anaingia humo. Na mwandishi hajasema popote kwamba Mwanaidi kaogopa, neno hofu halimo, neno wasiwasi halimo, kakuachia tu lile tone linahesabu. Wengi tuliisoma to to to tukaweka alama "tanakali sauti", yani neno la kuiga sauti, tukapita, tukaacha maiti mlangoni.

Hiyo ndo kitu moja niliyoipata kwa elfu 40 yangu, na kwangu inatosha: kutaja jina la taswira sio kuchambua. Ukishataja ndo kazi inaanza, lazima uulize hii harufu au hii sauti inajua nini ambacho mhusika hajakijua bado.

Tukakaa kwenye kile kifungu Jumamosi mbili nzima, maneno themanini na kidogo tu yale. Siwezi kuandika yote ila yaliyonikaa ni haya.

Mlango ulilia. Kijana mmoja haraka haraka akaandika tashihisi, mlango umepewa sifa ya binadamu. Mwalimu akamuuliza simu yako inalia? Inalia. Kengele? Inalia. Bunduki? Inalia. Je zote hizo ni tashihisi? Hapo pakachafuka, ubishi kama wa kijiwe cha kahawa. Kwa Kiswahili kitu kikitoa sauti kinalia, ndo neno lake la kila siku, hamna mtu anayesema "simu yangu inalia" akamaanisha machozi. Kwa hiyo ukisema tashihisi unamwonea mwandishi, kumsifia kwa kitu ambacho hata mpiga debe anakisema. Lakini hapohapo, mwandishi angeweza kuandika ulikwaruza, ama uligoma kidogo ukafunguka. Kachagua kulia, kwenye nyumba ya msiba. Neno ni la kawaida ila mahali lilipowekwa limeamka. Mi hapo niliridhika sana kwa sababu shuleni jibu lilikuwa lazima liwe ndiyo au hapana.

Afu ubani. Hapa nisimsifie mwalimu, aliyetufundisha ni bibi mmoja anayeishi Maskati, Oman, kazaliwa Unguja, kahamia huko siku nyingi, anaingia Zoom kwa simu ya mjukuu wake. Kila mtu akianza kuongea naye ni shikamoo bibi, nae marahaba wanangu, mpaka dakika tano zinaisha. Bibi kasema ubani mzuri unatoka Dhofar huko kwao sasa hivi, na yeye anaujua kwa pua hata akiwa chumba cha pili. Kasema ingekuwa udi, hiyo nyumba ingekuwa imengoja mgeni ama bi harusi, udi unafukizwa nguo na nywele. Ubani ni wa khitma, wa maiti, na ni wa kufukuzia wasioonekana. Afu kaongeza kitu ambacho mwalimu alikaa kimya akakiandika: "Mwanangu, ubani ukipoa haunukii tena. Unanuka moshi wa jana." Sa hapo ndo ukaona tofauti ya kunukia na kunuka, herufi moja tu imeingia katikati na hali ya chumba chote imegeuka. Na mwandishi kakwepa maneno yote mawili, kaandika harufu tu, hajatuambia kama ni nzuri ama mbaya, kaiweka katikati. Chini yake shombo. Sio uvundo, sio harufu ya kuoza, ni shombo, ya samaki, na samaki hakai mwaka mzima akaendelea kunuka shombo. Bibi kasema mwenyewe, "shombo ni ya leo hiyo."

Kuna na hii ya kanzu ambayo najivunia kwa sababu niliiona mimi na mwalimu hakuwa ameiona. Yeye alikuwa anasema unyevu kwenye kanzu unaonyesha kuna mtu kaivaa ama kaifua. Mi nikabisha, nikamwambia mwalimu huku pwani masika yakiwa yamekaza kila kitu kina unyevu, hata chumvi kwenye kikopo inakuwa uji, unyevu peke yake sio ushahidi. Lakini nyeupe pe ndo ushahidi. Kanzu ikining'inizwa kwenye nyumba iliyofungwa pwani mwaka mzima haibaki nyeupe pe hata siku moja, inapiga manjano kwenye kola, inaota madoa ya ukungu, na pale msumari ulipogusa inaacha duara la kutu. Ile "pe" mtu anaisoma kama mkazo wa rangi tu, kumbe ndo inayoshtaki. Mwalimu akanyamaza kidogo afu akasema sikuiona hiyo na niliandika mwenyewe. Mdogo wangu alinitumia emoji za makofi, maisha yangu yote hajawahi.

Na mpangilio. Hili la mpangilio mwalimu alilifundisha vizuri kuliko yote, nampa nyota hapa. Alitwambia tusahau maneno, tuangalie tu hisi zinafuatanaje na kila kimoja kipo mbali kiasi gani na mwili wa Mwanaidi. Akishaingia ndani inaanza na pua, kwa sababu giza, macho hayajazoea. Afu jicho linapata kitu kimoja tu, cheupe. Afu mkono. Afu sikio linavutwa mbali kabisa mpaka ng'ambo ya mto, linarudishwa ghafla mpaka pembeni yake hapo kwenye mtungi. Na mwisho ulimi, na koo. Akayameza. Yani ile nyumba ilianza kama hewa nje yake ikaishia tumboni mwake, na msomaji hajaambiwa chochote. Pia alituonyesha kimya kipo wapi. Sisi tulikuwa tunatafuta "kimya jii" ama neno lolote la namna hiyo, halipo. Kimya kipo kwenye lile tone, kwa sababu chumbani mwenye kelele huwezi kusikia mtungi ukidondosha. Honi nayo imepigwa mara moja tu ili ikiondoka ujue imeondoka.

Alituambia tusome kwa sauti tuone "ka" zinaangukia wapi. Akaigusa. Akachukua kopo, akachota, akanywa. Akayameza. Yaliyobaki mengi ni ilikuwa, ulikuwa, yalikuwa, mambo yaliyokaa tu yanamngoja. Nyumba inakaa, Mwanaidi anatembea. Mi miaka yote naandika hadithi zangu sikuwahi kujua kwamba "ka" ni miguu.

Kuna sehemu alinitoa kwenye mstari na nilikasirika ila alikuwa sahihi. Mto, kivuko, shombo, mi nikasema hii ni Pangani moja kwa moja, na Pangani bila harufu ya mkonge haijakamilika, ukipita kwenye korona, kile kiwanda cha mkonge, wakati majani yanakwanguliwa ile harufu inakaa kwenye nguo mpaka kesho. Nikampa na historia, kwamba mkonge wa nchi hii ulianzia hapohapo Pangani, shamba la Kikogwe, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1893 na iliyofika hai ni 62 tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Afu akasema kaka, yote uliyosema ni kweli na hata neno moja halimo kwenye kifungu, hiyo ni pua yako sio ya Mwanaidi. Nilizima kamera dakika kumi. Lakini nikifikiria, nusu ya uchambuzi niliousoma mitandaoni ndo huo, mtu anachambua utoto wake.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika upya kifungu, vitu ni vilevile, mlango, ubani, kanzu, honi, mtungi, kopo, ila hali iwe ya raha, mtu karudi nyumbani kwa furaha. Mi nikabadilisha ubani ukawa udi, nikafungua madirisha, kanzu nikaipeperusha. Majibu yalikuja siku ya tisa wakati tuliahidiwa siku tatu, mstari mmoja tu: "Umebadilisha vitu, macho umeyaacha palepale." Mdogo wangu yeye hakubadilisha kitu, aliandika tu kwamba mtungi ulikuwa unatoa jasho kama wa bibi mzaa mama, na Mwanaidi akaweka shavu pale. Alisifiwa sana. Nyumbani hapakaliki.

Haya sasa malalamiko. Sauti. Darasa la kufundisha taswira ya kusikia afu sauti inakatika kama redio ya mkulima, mara tatu tulisikia "mtungi ulikuwa uki..." afu basi. Ukifuatilia rekodi inakuja Jumatatu, na ni kubwa, inakula bando, wangetuma ya sauti tupu ingetosha. Kuanza saa mbili maana yake saa mbili na nusu. Halafu mwalimu hana subira na wanafunzi wa mtihani, binti mmoja kauliza hili swali likija kwenye mtihani wa taifa wa NECTA nalijibuje kwa aya, akajibiwa "tusiongelee mtihani hapa", sasa huyo kalipa hela na ana mtihani kweli, angempa hata dakika tano za kumwonyesha namna ya kuligeuza kuwa hoja. Bibi wa Maskati ndo alimtuliza. Na Jumamosi ya nne ambayo tuliahidiwa itakuwa ya kuangalia hali inavyobadilika ndani ya hadithi nzima, sio kifungu kimoja, ilibanwa kwenye dakika ishirini za mwisho kwa sababu tulikuwa bado tunabishana kuhusu kopo, eti kutu ni ya kopo ama ya maji. Nakiri mi ni mmoja wa waliobishana. Chumvi nilimkubalia, visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi, ila mtungi wa udongo haushiki kutu, mi nasema ni ya kopo, na kopo lenye kutu maana yake kuna kitu kimoja humo ndani ambacho yule mgeni wa siri hakukitunza. Ona, naanza tena.

Cheti hamna, kama unataka cheti usilipe. Kama unataka notsi za kukariri pia usilipe, utalia. Ila kama unaandika hadithi, au unasoma kitabu unakipenda na hujui kwanini kinakukaba, ingia. Intake nyingine nasikia ni mwezi ujao, bei ni ileile. Chukua earphone, na usikae nyuma kimya kama nilivyofanya wiki ya kwanza maana anayeongea ndo anayefaidi.

Mwalimu mpaka leo kakataa kusema nani kaujaza mtungi. Anasema hajui, eti yeye kaandika tu. Kwenye kundi la WhatsApp bado wanakisia, bibi jana saa sita usiku katuma voice note ya dakika nne anasema ni mke mdogo wa marehemu ambaye hakuna aliyemjua. Mi nasema baba hajafa.